Mashavu Mapya ya Kinyozi

Benchi tunalokalia si letu. Ni la Kinyozi; aliliweka kwenye kibaraza cha duka lake ili wateja wakae wakingoja zamu, lakini ubao wake umelainishwa na makalio yetu sisi, ambao kichwa tunanyoa mara moja moja na kahawa tunakunywa kila siku. Mwishoni kabisa anakaa Katibu, mstaafu wa mahakama, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumchagua kuwa katibu wa kitu chochote, ila hawezi kuona watu watatu wamekaa asifungue kikao. Katikati anakaa Fundi Bomba, mikono inanuka kutu na sabuni. Anayefuata ni Mtandao, anayeuza makava ya simu kwenye meza ya kukunja, na anayejua kila kitu kwa sababu amekiona kwenye simu. Mimi naitwa Zipu. Nashona mabegi kwa cherehani ambayo inalala ndani ya duka la Kinyozi. Naitoa asubuhi, nairudisha jioni, na hajawahi kunidai hata asante. Kahawa ni ya Mama Kahawa, na birika lake, na kigoda chake, na ulimi wake. Asubuhi hiyo wote tulifika mapema kuliko kawaida, na kila mmoja alikuwa na sababu ya uongo.

Duka lilikuwa limefungwa wiki kadhaa. Sasa lilikuwa wazi, pazia limeshushwa mlangoni, na ndani tunasikia ufagio. Kinyozi alikuwa amepita mbele yetu, akatusalimu kwa kuinua mkono tu, akaingia.

– Mmeona? – Mtandao aliuliza kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake ni kuzungumza kwa watu wengine.

– Tumeona nini? – Katibu akajifanya hajui.

– Uso, mzee wangu.

– Nimeona uso. Kila mtu ana uso.

– Ule si ule.

Kweli haukuwa ule. Kinyozi tuliyemjua alikuwa na mashavu yaliyoingia ndani, mashimo mawili ambayo Fundi Bomba alipenda kusema ungeweza kuegesha yai lisianguke. Kwenye panja, pembeni ya macho, napo palibonyea. Aliyepita asubuhi hiyo alikuwa na mashavu yaliyojaa, yana uvimbe kidogo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, na alitembea ameshika kiuno kama aliyevaa mkanda mpya unaombana.

Hapa lazima niseme habari ya pole. Benchi letu lilikuwa na desturi yake. Kinyozi akifungua mlango asubuhi, tulimwambia, "Pole, mgonjwa," na yeye alijibu, "Nimeshapoa." Ndiyo ilikuwa salamu. Mgonjwa hakuwa, na kila mmoja wetu alijua hakuwa. Alikula akashiba, alisimama kutwa nzima na mashine mkononi, na muda wote niliolaza cherehani kwake sijamsikia akikohoa. Ila mashavu yale yalitutekenya. Kila mtu alikuwa na chake cha kuongezea. Mtandao alipaza sauti kuelekea mlangoni, "Umemaliza dozi?" Fundi Bomba aliuliza, "Huo wembe umeuchemsha, mgonjwa?" Katibu yeye alimngoja mteja atoke, akamkagua shingo kwa macho ya kidaktari, halafu akamuuliza, "Hajakukoholea?" Mimi sikuwa na neno langu. Mimi nilikuwa nacheka, na kicheko changu kinasikika hadi ng'ambo ya barabara.

Asubuhi hiyo pole ilitufika kwenye ncha ya ulimi sote wanne, ikakwama. Hatukujua kama bado inafaa.

– Fundi, hebu rudia, – alisema Mtandao. – Ulimwona wapi hasa?

– Nimesema mara ngapi? Nilikwenda kuzibua sinki kwenye ile kliniki ya ghorofani. Natoka na ndoo yangu, namkuta amekaa kwenye viti vya kungojea. Ukutani juu ya kichwa chake pana picha ya mwanamke, nusu ya uso imesinyaa, nusu imejaa.

– Ukamsalimu?

– Nikamwambia pole, mgonjwa.

– Mbele za watu?

– Mdomo umezoea, bwana. Ulitoka wenyewe.

– Akajibu nimeshapoa?

Fundi Bomba alizungusha kikombe chake.

– Hakujibu. Aliangalia viatu vyake.

Habari hiyo Fundi alituletea siku ile ile, na kabla kikombe kimoja hakijaisha benchi zima lilikuwa limeshaelewa. Kwa hiyo hapakuwa na mtu pale asiyejua Kinyozi amefanya nini. Kilichobaki kilikuwa kueleza imewezekanaje, na hiyo ndiyo kazi tunayoiweza.

– Wanatoa mafuta tumboni, wanayapandikiza mashavuni, – Mtandao alisema. – Nimeona video nzima, mwanzo mpaka mwisho.

– Yanatokaje? – aliuliza Katibu.

– Kwa mpira, mzee wangu. Mpira mwembamba unaingia tumboni, mashine inavuta.

– Hapo sasa mmeingia kwangu. – Fundi Bomba alijiweka sawa. – Kutoa kitu chini kukipeleka juu, hiyo ni pampu. Na pampu yoyote ukiizima, kilichopanda kinarudi. Kwa hiyo lazima wameacha koki.

– Koki?

– Nyuma ya sikio. Akitoka mtazameni vizuri.

– Hakuna koki, Fundi.

– Kama hakuna, yatashuka. Nipe mwezi mmoja tu. Mashavu utayakuta kidevuni. Mwezi wa pili yako shingoni. Yanarudi kwao taratibu.

– Kurudi hayarudi, – Mtandao alisema. – Tatizo ni kwamba yanakumbuka. Mafuta yale yamekaa tumboni miaka yote, yamezoea mambo ya tumbo. Nani atayaambia kwamba yamehamishwa? Kinyozi akishiba, uso ndio utakaovimba. Akiwa na njaa, shavu litanguruma. Sasa fikiria wewe ndiye mteja. Umekaa kitini, ameinama kukuchonga pembeni ya sikio, na shavu lake linanguruma.

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Ni kama mdomo wa Fundi, umezoea.

– Kikao kitulie, – alisema Katibu. – Swali la msingi bado hamjaligusa. Mtu akimpiga Kinyozi kofi, amempiga wapi?

– Shavuni.

– Shavu la nini? Kilichomo ni tumbo. Mimi nimekaa mahakamani maisha yangu yote. Shauri hilo likija, wakili wa mshtakiwa atasimama aseme, mheshimiwa, mteja wangu alimgusa tumbo tu, tena kwa upole. Hakimu atafanya nini?

– Atafanya nini?

– Ataahirisha.

– Mpaka lini?

– Mpaka mafuta yaje yatoe ushahidi yenyewe.

– Na mama mkwe wake je? – Mtandao aliingia kwa kasi. – Akija kumsalimu kwa shavu, akaweka shavu lake juu ya...

– Ishia hapo hapo, – alisema Mama Kahawa bila kuinua macho kutoka kwenye jiko lake.

Mtandao aliishia hapo hapo. Lakini Fundi Bomba hakuwa amemaliza.

– Mimi kinachonikera ni kingine. Yule mtu hana mafuta. Mmemwona. Ni mifupa na koti. Sasa ya kuhamisha kayatoa wapi?

– Benki, – Mtandao alisema.

– Benki gani tena?

– Ya mafuta. Unadhani matajiri wakipunguzwa viuno, yale yanamwagwa? Yanawekwa kwenye friji. Akija mtu mwembamba, anatafutiwa ya kumfaa.

– Kwa hiyo Kinyozi amevaa kiuno cha tajiri.

– Shavu la kulia linaweza kuwa la mke wa tajiri. La kushoto la tajiri mwenyewe.

– Mume na mke, wamepanga usoni kwa mtu baki, – Katibu alitikisa kichwa. – Wakigombana?

– Ndiyo maana ana uvimbe.

Tulivunjika mbavu. Ilikuwa ile raha yetu ya kila siku, na kwa dakika hizo nilisahau kwamba pazia lile ni kitambaa tu.

– Ana kitambi, – alisema Mama Kahawa.

– Nani?

– Kinyozi. Alikuwa nacho, kidogo, kama cha mtu anayekula amesimama. Chini ya lile koti jeupe. Nyie kazi yenu kuangalia uso.

– Mama, wewe umejuaje?

– Nina macho, na mimi namwangalia mtu mzima, sio mashavu yake. – Alimimina kikombe cha Katibu, akakifikisha nusu tu. – Na kile kiti chake cha pili kilipopakiwa kwenye gari, mlisemaje?

Wote tulikumbuka. Kinyozi alikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja chake na kimoja cha msaidizi aliyeondoka. Siku kiti kile kilipouzwa kikabebwa, Mtandao alisema bili ya hospitali sasa imefika kwenye samani, na kicheko kilichosikika kuliko vyote kilikuwa changu.

– Basi niwaulize jambo dogo, – Mama Kahawa aliendelea. – Hata kabla hajafunga duka, mara ya mwisho mteja kuwaambia sogeeni nikae, ilikuwa lini?

Tulitazamana. Benchi lile ni la wateja. Zamani ilikuwa hatumalizi kahawa kabla hatujasimama kumpisha mtu, na Katibu alikuwa akilalamika kwamba kikao hakina heshima. Sasa tulikuwa tumekaa wanne, tumejitandaza, Fundi Bomba na ndoo yake juu, na sikumbuki ni lini tulianza kukaa hivyo. Hatukuwa tumeona. Au tuliona tukafurahi kupata nafasi.

Nikasema nakwenda kutoa cherehani. Nilitaka tu kuondoka pale.

Ndani palikuwa pamefagiliwa hadi pembeni. Kinyozi alikuwa amepanga vifaa vyake kwa mistari kama kawaida, mashine, brashi, chupa ya spiriti, taulo zilizokunjwa. Alinipa mgongo, anafuta kioo. Niliinama kushika cherehani, na nilipoinuka nikaona ukutani, juu ya kioo, pana msumari mtupu.

Pale palikuwa na picha ya baba yake. Jana jioni, nilipoingiza cherehani kwa ufunguo alioniachia, ilikuwepo. Mzee yule naye alikuwa kinyozi, duka hili hili, na mashavu yale yale. Mashimo mawili, panja zimebonyea, tabasamu limekaa katikati. Alimnyoa Katibu tangu Katibu ana nywele za kunyoa. Hakuna mtu aliyempa pole.

– Picha ya mzee iko wapi? – niliuliza.

– Nimeipeleka nyumbani usiku.

– Kioo chake kimevunjika?

– Hapana. – Aliendelea kufuta. – Ukimweka mzee pale na mimi hapa chini, mtu atauliza kwa nini hatufanani. Akishauliza hilo, atauliza la pili.

Nilisimama nimekumbatia cherehani kama mtoto.

– Na koki hakuna, – alisema. – Mwambie Fundi.

Niligeuka nikatazama mlango. Kutoka pale, karibu na kile kiti, nilimsikia Katibu akipuliza kahawa yake ipoe. Nilimsikia Fundi Bomba akikwaruza kutu kwenye kucha. Siku zote nilizoingia na kutoka na mashine yangu sikuwahi kusimama pale kimya nikasikiliza. Kila neno la benchi linaingia ndani zima zima. Dozi ilikuwa ikiingia. Wembe wa kuchemsha ulikuwa ukiingia. Na aliyekuwa amekaa kitini, shingo imefungwa kitambaa, kichwa kimeinamishwa, alikuwa akisikia yote na wembe uko kwenye ngozi yake.

Natamani ningeweza kusema kwamba nilimwomba radhi hapo hapo. Nilitoka na cherehani, nikaiweka chini, nikakaa.

– Vipi? – Mtandao aliuliza. – Umeiona koki?

– Nyamaza, – nilimwambia. – Anasikia.

– Anasikia nini?

– Kila kitu. Siku zote.

Pazia lilisogezwa, Kinyozi akatoka. Alisimama kizingitini, pale anaposimama kila siku kunywa kikombe chake cha kwanza. Mama Kahawa alimpa, kimejaa. Alikinywa kwa tahadhari, kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu uso bado ulikuwa unamuuma.

– Shikamoo, mzee.

– Marahaba, mwanangu, – Katibu alijibu. – Habari ya... ya siku nyingi.

– Nzuri.

– Umependeza, – Mtandao alisema, na mara akaangalia chini.

– Tulikuwa tunataniana tu, – Fundi Bomba aliongeza, ingawa hakuna aliyemuuliza.

– Najua. Mmekuwa mkitania siku zote.

Alilisema bila hasira. Ningependa angekasirika. Mtu akikutukana unapata pa kushika, unaweza hata wewe kukasirika kidogo. Yeye alisema kama anayesema leo kuna jua.

– Lakini kwa nini, mwanangu? – aliuliza Katibu. – Ulikuwa mzima kabisa.

– Wewe unajua nilikuwa mzima, mzee.

– Najua, ndiyo.

– Fundi anajua. Zipu anajua, Mtandao anajua. Mama anajua. – Alinywa kidogo. – Nani mwingine alikuwa anajua?

Fundi Bomba alishusha ndoo yake kutoka kwenye benchi, akaiweka chini polepole isitoe sauti.

– Mnamkumbuka yule mwalimu, – Kinyozi alisema, – aliyekuwa akija na wanawe kila mwisho wa mwezi. Nilikutana naye sokoni. Vichwa vya watoto vimenyolewa kwingine, tena vibaya. Nikawasalimu. Mkewe alimvuta mdogo asinipe mkono. Mwalimu mwenyewe akaniambia, ukipona tutarudi. Nikamwambia siumwi. Akasema, Mungu akujalie.

– Si ungemweleza? – Mtandao alisema.

– Nimemweleza. Siumwi. Maelezo yake ndiyo hayo tu, hayana mengine. Na wagonjwa wote ndivyo wanavyosema.

– Nani alianza hii pole? – Fundi Bomba aliuliza ghafla. – Mimi sikuanza.

– Wewe ulikuwa na wembe, – alisema Mtandao.

– Wembe ulikuja baadaye. Nilikukuta wewe na dozi yako.

– Mimi dozi niliichukua kwa mzee.

– Mimi? – Katibu aliweka mkono kifuani. – Mimi nilikuwa nauliza swali tu. Kumuuliza mtu kama amekoholewa ni swali.

– Ulikuwa unamuuliza kila anayetoka.

– Kwa utani.

– Na Zipu je? Zipu alikuwa anacheka mpaka watu wa ng'ambo wanasimama kusikiliza.

– Ni kweli, – nilisema.

Hakuna aliyetegemea niseme hivyo, hata mimi, na kwa muda mfupi mashitaka yalikosa pa kwenda.

– Ila na wewe ulikuwa unajibu, – Katibu alimgeukia Kinyozi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta mlango. – Ulikuwa unasema nimeshapoa. Ulikuwa unacheka nasi.

– Ningefanya nini, mzee? Ningenuna, mngesema mgonjwa siku hizi ana hasira. Ningewaondoa kwenye benchi, mngesema amezidiwa. Nikaona nicheke.

Uso wa Katibu ulinywea hadi ukawa wa kizee kweli kweli, naye ana miaka mingi lakini uzee hakuwa nao.

– Iliuma? – Mama Kahawa aliuliza.

Lilikuwa swali la kwanza la mtu mzima tangu asubuhi.

– Tumbo ndilo limeuma zaidi, pale walipoyavuta. Usoni ni sindano nyembamba tu, wanatia tone moja moja. – Alijigusa shavu kwa kidole, kama mtu anayegusa kitu cha kuazima. – Mama yangu alinitazama muda mrefu. Akasema nimekuwa mzuri. Halafu akaingia chumbani, na sikumwona tena mpaka jioni.

– Atazoea, – Mama Kahawa alisema.

– Labda. Lakini hata haya, si yote yatakayobaki. Daktari alinieleza mapema, hakunificha. Ni kama miche ukiipandikiza. Mingine inashika, mingine inakufa. Uvimbe ukiisha, na yasiyoshika yakinyauka, uso utapungua tena. Utapungua kiasi gani, hakuniambia, kwa sababu hajui.

– Na hapo unafanyaje? – Mama Kahawa aliuliza.

Kinyozi alirudisha kikombe. Alijifuta mkono kwenye koti, akatutazama mmoja mmoja, kuanzia Katibu mpaka kwangu.

– Nina ombi moja tu. Uso ukipungua, msiseme kitu.

Aliomba kwa adabu, kama mtu anayepiga hodi. Sisi ndio tuliokalia benchi lake, tumeegemea ukuta wake, na cherehani yangu ilikuwa imetoka kwenye sakafu yake dakika chache zilizopita. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliangalia mikono yangu, uzi umening'inia kidoleni, na sikuweza kuinua macho.

– Hatutasema, – Fundi Bomba alisema.

– Hatutasema, – Mtandao alisema.

– Imepitishwa, – alisema Katibu kwa mazoea, na hakuna aliyecheka, naye akajishtukia, akaongeza taratibu, – nisamehe, mwanangu.

Kabla Kinyozi hajajibu, mtu alisimama mbele ya kibaraza. Alikuwa mlinzi, sare yake mpya bado ina alama za kukunjwa, kofia mkononi. Alitoa salamu kwa wote, akamwamkia Katibu, akamtazama Kinyozi na lile koti jeupe.

– Naomba kunyolewa. Nimeanza kazi pale duka la dawa, na bosi hataki nywele.

– Karibu sana, – Kinyozi alisema.

– Asante. Nilikuwa nimeambiwa nisije. Wenzangu wameniambia hapa kuna kinyozi, ila anaumwa, anakaribia mwisho. Nilikuwa napita zangu, nikaona mlango uko wazi na mtu mwenye afya yake amesimama. – Alitabasamu. – Wewe ndiye mpya?

Mkono wa Kinyozi ulipanda kidogo kuelekea shavuni, ukashuka.

– Ndiyo, – alisema. – Mimi ndiye mpya.

– Afadhali. Nilikuwa nakwenda mbali bure.

– Kaa kidogo nitayarishe kiti.

Alishika pazia. Mlinzi akawa anatafuta pa kukaa, na benchi limejaa, na sisi tumeganda wala hatuoni kwamba anatafuta. Alikuwa mtu mwema, unaona usoni. Yule asiyeweza kusikia habari ya maradhi akapita hivi hivi.

– Na yule wa kwanza, – aliuliza, – maskini, alikuwa anaumwa nini hasa?

Kinyozi alisimama, pazia mkononi.

– Mimi sijui, – alisema. – Waulize hawa. Ndio waliokuwa wakimpa pole.

Mlinzi akatugeukia. Alingoja. Mtandao alikuwa amekazia macho simu ambayo kioo chake kilikuwa cheusi. Fundi Bomba alisugua kiganja kwa kidole gumba, anasugua kutu ambayo haikuwepo. Katibu alivuta pumzi kama anafungua kikao, pumzi ikatoka bila neno.

Jibu nilikuwa nalo. Hakuwa anaumwa, bwana. Hakuwa anaumwa chochote. Lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini mtu ataniuliza, kama hakuwa anaumwa, mbona wote mnasema anaumwa, na yuko wapi sasa? Na Kinyozi amekwisha kusema yeye ni mpya. Tulikuwa tumemfikisha mahali ambapo hata ukweli wetu ungemharibia mteja wake wa kwanza. Nikaufunga mdomo.

– Hamjui? – mlinzi aliuliza. – Wote?

Mama Kahawa aliinuka kwenye kigoda chake. Alilishika birika kwa mikono miwili, kwa sababu lilikuwa limejaa na zito, akaliondoa jikoni.

– Kahawa imekwisha, – alisema. – Ondokeni kwenye benchi la watu.

Tulisimama wote wanne, na mlinzi akakaa.